Jamaa Ana Hataza ya Gundi ya Injini, Je Nifunge Karakana?

Swali limetoka kwa kijana mwenye karakana ya injini Mombasa, nimelifupisha kidogo: "Mzee shikamoo. Kazi yetu ni kutia slivu (lile bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka), viti vya valvu na beringi, injini za malori na za maboti. Tangu enzi za marehemu baba tunapaka ile gundi ya kijani kwenye slivu kabla ya kuiteremsha kwenye bloki, yaani mwili wa injini. Wiki mbili zilizopita imekuja barua ya wakili, ati mteja wake ana hataza (patent) ya 'njia ya kuunganisha sehemu za injini kwa gundi', tuache mara moja ama tumlipe kwa kila injini. Kwani ana haki hiyo? Na nikibadilisha gundi, nikanunua ya kampuni nyingine, nitakuwa nimetoka kwenye mtego wake?"

Marahaba mwanangu. Usifunge. Na kwa sasa usimlipe hata ndururu, na jambo jingine ambalo vijana huwa hamtaki kulisikia ni kwamba usimpigie huyo jamaa simu wala usimwandikie WhatsApp za hasira saa sita usiku, maana lile neno "sawa tumetumia lakini hatukujua" likishatoka limetoka, kesho wakili wake analisoma mbele ya jaji. Wewe kaa kimya, tafuta vitu nitakavyokwambia huko chini, halafu jibu kwa barua moja fupi.

Mimi kabla sijaingia kazi hii ya hataza nimekula miaka karakana, hiyo gundi ya kijani nimeipaka kwa mikono yangu, kwa hivyo nitakujibu kama fundi kwanza halafu kama mtu wa makaratasi.

Tuanze na barua yenyewe. Hayo maneno "njia ya kuunganisha sehemu za injini kwa gundi" ni kichwa tu, na kichwa hakimfungi mtu. Chukulia hati ya shamba, juu imeandikwa Kilifi, lakini hakuna mwenye shamba akakwambia Kilifi nzima ni yake, unateremka chini unaangalia mawe ya mpaka yako wapi. Kwenye hataza mawe ya mpaka yanaitwa madai. Ni sentensi zenye namba, mara nyingi ziko kurasa za mwisho, nyingine ndefu mpaka unaishiwa pumzi ukizisoma, na kila sentensi imejaa masharti. Ukikosa sharti moja tu la dai, basi kwa maneno ya dai hilo hujakanyaga shamba la mtu.

Nikutungie mfano wa dai, hili ni langu mimi si lake yeye: "Njia ya kuunganisha slivu na bloki ya injini, ambapo tundu la bloki linachongwa liwe kubwa kuliko slivu kwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, nyuso zote mbili zinapakwa kichocheo (dawa ya kuharakisha gundi kuganda) chenye shaba, kisha inapakwa gundi inayokauka pasipo hewa, kisha bloki inapashwa joto nyuzi 120 kwa saa moja." Umeona? Wewe unapaka gundi, unateremsha slivu, unaiacha usiku kucha, asubuhi unaendelea na boringi, yaani kuchonga ndani ya slivu. Hupaki kichocheo, hupashi moto. Mtu mwenye dai kama hilo hana kesi ya maneno dhidi yako hata kama kichwa cha hataza yake kimeandikwa GUNDI kwa herufi za mlangoni. Sasa barua uliyonitumia nimeisoma mara mbili, haina namba ya hataza mahali popote, haina dai hata moja, haina tarehe. Ina hasira tu. Hiyo kwangu ni dalili, mtu mwenye hataza nzuri huitaja namba kabla hajataja jina lake.

Haya, gundi yenyewe. Watu wengi wanafikiri ni gundi kama gundi zingine, inakauka kwa upepo. Hii ni kinyume. Hewa ndo inaizuia isigande. Ukiiacha tone juu ya kioo mezani inakaa majimaji, lakini ipenyeze kati ya nati na bolti, pale oksijeni haifiki na chuma kiko pande zote, inakamata. Chuma chenyewe kinasaidia, chuma cha kawaida na shaba vinaiharakisha, ukija kwenye stenlesi au bolti zilizopakwa zinki inazubaa mpaka uipe kichocheo. Ndo maana chupa yake haijazwi mpaka juu, nusu ya chupa ni hewa, na plastiki ya chupa ni ile laini inayopitisha hewa kidogo kidogo. Nilipokuwa kijana nilifikiri tunaibiwa pale dukani, chupa nusu kwa bei ya nzima! Kumbe ile hewa ndo inaiweka hai.

Na hapo kwenye chupa ndo kuna kisa ambacho kinakuhusu wewe moja kwa moja. Miaka ya 1940 watu wa General Electric kule Marekani walikuwa wameshagundua kimiminika kinachoganda kikikosa hewa. Hataza yao ilitoka mwaka 1953. Shida yake ilikuwa moja, ilibidi uipulizie hewa muda wote ili isigande, yaani ilitaka pampu inayotoa mapovu ndani ya pipa usiku na mchana, sasa nani atauza kitu kama hicho dukani? Yuko profesa wa kemia, Vernon Krieble, wa Trinity College kule Hartford, Connecticut, mwanawe Robert alikuwa anafanya kazi General Electric na ndiye aliyempa habari za kimiminika hicho. Mzee akaingia maabara ya chuo, akaweka hidroperoksidi, kemikali inayoanzisha kuganda, moja kwa moja ndani ya mchanganyiko, ukapata gundi inayokaa kwenye chupa bila pampu na bado inakamata ikiingia kati ya vyuma. Kampuni ikaanzishwa 1953, dunia ikatangaziwa 1956, na hataza ya Krieble, namba 2,895,950 ya Marekani, ikatolewa Julai 1959. Hiyo ndo Loctite, tangu 1997 iko chini ya Henkel ya Ujerumani.

Sasa angalia alichopewa Krieble. Hakupewa "gundi inayokauka bila hewa", hiyo ilikuwa imeshajulikana na hakuna ofisi makini ingempa. Alipewa mchanganyiko wake wenye hidroperoksidi na namna ya kuutumia. Alikuja wa pili kwenye ngalawa, akapata kiti chake tu, si ngalawa nzima. Na hata hicho kiti kilikuwa cha muda, Marekani ya wakati ule hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hivyo ilipofika 1976 mlango ukafunguka kwa kila mtu. Basi niambie, kama aliyeleta gundi yenyewe alipewa kijiwanja chenye mipaka na muda ukaisha karibu nusu karne iliyopita, huyu jamaa wako wa leo anawezaje kumiliki kupaka gundi kwenye injini? Hawezi. Anachoweza kumiliki ni kitu kidogo alichoongeza juu ya yale yaliyokuwepo. Inaweza kuwa ni kitu kizuri kabisa, simdharau. Labda amegundua namna ya kuteremsha slivu bila gundi kukwanguka ukingoni, au mfereji fulani wa kuzuia mapovu. Lakini lazima kiwepo kitu.

Na hicho kitu kisiwe tu ni kuunganisha vitu viwili ambavyo kila fundi angeviunganisha. Hapa kuna kesi kubwa ya vipuri vya magari, KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani, Aprili 2007. Ilikuwa pedali ya mafuta. Pedali inayorekebishika kwa urefu wa dereva ilikuwepo, sensa ya umeme ya pedali ilikuwepo, Teleflex walikuwa na hataza ya kuweka sensa kwenye ekseli isiyosogea ya pedali inayorekebishika. Majaji wote kwa kauli moja wakasema hapana, mtu wa kawaida wa fani hiyo angefika hapo mwenyewe. Na jaji Kennedy akaandika jambo ambalo nalipenda sana, kwamba mtu wa kawaida wa fani naye ana ubunifu wa kawaida, si mashine. Yaani fundi si roboti! Usichukulie kwamba fundi hawezi kufikiria kitu mpaka akisome kwenye kitabu. Kwa kesi yako, gundi ya kushikilia beringi ilikuwa inajulikana, slivu kulegea kwenye bloki ni ugonjwa wa zamani, na kuweka hiki kwenye kile... unaona inakoelekea. Uamuzi ni wa Marekani, haufungi mahakama ya Kenya, lakini sheria yetu nayo inataka uvumbuzi uwe na hatua ambayo si dhahiri kwa mtu wa fani, na wakili wako atausoma.

Kuna kesi nyingine iko karibu zaidi na gundi yako, Loctite dhidi ya Ultraseal, mahakama ya rufani ya Marekani inayosikiliza hataza, 1985. Injini za alumini ya kumimina huwa na vitundu vidogo ndani ya chuma, huvioni kwa macho lakini maji na mafuta yanapenya, kwa hivyo viwandani wanatia bloki ndani ya chombo, wanavuta hewa yote, halafu wanaifyonzesha gundi nyepesi mpaka vitundu vijae. Ugomvi ulikuwa juu ya hizo gundi za kufyonzesha, na sehemu kubwa ikawa kubishania neno moja, "anaerobiki", yaani inayoganda bila hewa. Je, gundi ya huyu mwingine ni anaerobiki kwa maana ya hataza ile? Mahakama ikakumbusha utaratibu ambao hadi leo ndo unaotumika: kwanza jua maneno ya dai yanamaanisha nini, halafu ndo uchukue bidhaa ya mshtakiwa uipime na maneno hayo. Usianze na bidhaa. Watu wanaanza na bidhaa, wanaangalia rangi, hii kijani na ile kijani, basi ameiba.

Na Ultraseal nao walijibu mapigo, wakasema kesi hii imeletwa kuua ushindani. Mahakama ikasema ukitaka kushinda kwa hoja hiyo lete ushahidi mzito ulio wazi kwamba mwenye hataza alishtaki kwa nia mbaya. Nakutajia hili kwa sababu najua rafiki zako wa kijiweni washakwambia umshtaki yeye kwa kukusumbua. Achana na hilo kwa sasa, ni refu na ni ghali.

Sasa swali lako la pili, la kubadilisha gundi. Hapa watu wengi wanajidanganya, wanadhani ukibadilisha chapa au ukibadilisha kiungo kimoja umepona. Nikupe kisa cha kuchomelea. Graver Tank dhidi ya Linde, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1950. Linde walikuwa na hataza ya unga wa kuchomelea kwa umeme, ule unaofunika moto wa weldingi. Unga wao uliokuwa ukiuzwa ulikuwa na silikati ya kalsiamu na ya magnesiamu. Mshindani akaja na unga wake, kalsiamu ipo, ila magnesiamu ametoa ameweka manganizi. Majina yanafanana lakini ni metali mbili tofauti kabisa, na dai lilitaja kundi la metali ambalo manganizi haimo. Kwa maneno matupu alikuwa nje ya shamba. Lakini wataalamu wa kemia wakaeleza kwamba kwenye unga ule manganizi inafanya kazi ileile, kwa namna ileile, na kuleta matokeo yaleyale, na hakukuwa na ushahidi kwamba mshindani alifika kwenye unga ule kwa utafiti wake mwenyewe. Akashindwa. Jaji Jackson ndiye aliyeandika uamuzi, jaji Black akapinga vikali, akasema mwenye hataza aliandika mipaka yake mwenyewe sasa mahakama inamsogezea mawe. Mimi binafsi niko na Black, lakini mimi si jaji. Na Uingereza, ambako mahakama zetu hupenda kuchungulia, tangu 2017 kwenye kesi ya Actavis na Eli Lilly nao wameingia njia hiyo ya kuangalia vitu vinavyolingana hata kama maneno hayalingani.

Kwa hivyo kubadilisha duka la gundi si mlango wa kutokea. Kama njia yako kweli imo ndani ya madai yake, gundi ya Mjerumani au ya Mchina ni mamoja. Ukitaka kutoka kabisa lazima ubadilishe kanuni yenyewe, mfano urudi kwenye kufiti kwa presi, slivu inaachwa kubwa kidogo kuliko tundu, unaigandisha kwa baridi inasinyaa, unaiteremsha, ikipata joto inajibana yenyewe bila gundi. Hiyo ni ya mababu, hakuna wa kuidai. Kuhama kutoka gundi ya kijani kwenda epoksi kunaweza kukutoa au kusikutoe, inategemea madai, na inategemea pia faili la ombi lake pale ofisini. Kuna kesi ya Marekani ya 2002, ya kampuni ya Festo, ilikuwa juu ya hilo: ukipunguza madai yako mwenyewe ili ofisi ikupe hataza, kwa kawaida huwezi kurudi mahakamani kudai kile ulichokiachia. Wakati mwingine mtu aliikana epoksi kwa maandishi yake mwenyewe ili apewe hataza, leo anataka kuirudisha kwa barua ya wakili. Kwa hivyo faili lisomwe.

Lakini mwanangu, silaha yako kubwa haiko kwenye gundi. Umeitaja mwenyewe kwenye swali lako bila kujua: "tangu enzi za marehemu baba."

Unajua wembe wa Gillette. Mwaka 1913 wenyewe walimshtaki mshindani Uingereza kwa kuuza kifaa cha kunyolea kinachofanana na chao, ikafika mpaka Nyumba ya Malodi, mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati ule. Lord Moulton akasema mshtakiwa hana haja ya kuhangaika na kila dai la hataza, inamtosha kuonyesha kwamba kile anachokifanya yeye hakina tofauti ya maana na kilichokuwepo kabla ya hataza. Maana yake ni hivi, ama madai ni mapana kiasi cha kumnasa, na kama ni hivyo yanawanasa na waliotangulia na hataza inakufa kwa kukosa upya, ama madai ni membamba na yeye hayumo. Vyovyote iwavyo anatoka. Gillette wakashindwa. Mpaka leo mawakili wanaiita utetezi wa Gillette.

Tia hiyo kwenye karakana yako. Kama kupaka gundi ya kijani kwenye slivu namna aliyokuwa akipaka baba yako ni kukiuka hataza ya jamaa, basi baba yako alikuwa anaifanya kabla jamaa hajaomba, na hataza haina upya. Kama jamaa atasema hapana, yangu ni tofauti na ile ya mzee, vizuri, basi wewe unafanya ya mzee, uko nje. Hiyo ndo sababu ya kwanza kukwambia usibadilishe chochote leo kwa woga. Ukibadilisha njia mnayofanya tangu zamani unajitoa mwenyewe kwenye kivuli cha baba yako na kusimama juani.

Ila mahakama haili "tangu enzi za baba", inataka karatasi. Tafuta vile vitabu vya risiti vyenye karatasi ya kaboni, nakala za bluu zinazobaki karakana, naomba Mungu mama hajaziwashia jiko. Tafuta pale palipoandikwa "slivu 4, gundi, boringi" na tarehe. Tafuta risiti za duka la vipuri mlikonunua gundi. Tafuta chupa za zamani nyuma ya kabati, zina namba za kiwandani na tarehe. Zungumza na wateja wa zamani, nahodha yeyote ambaye injini yake ilifunguliwa mbele yake na akaona slivu inapakwa, aandike na asaini. Na tafuta karatasi za maelezo za kampuni ya gundi, zile zinazoonyesha mchoro wa beringi na slivu, nyingi zina mwaka kwenye kona ya chini. Hiyo karatasi pengine itafanya kazi kubwa kuliko ushahidi wote mwingine, kwa sababu sheria ya Kenya inahesabu kilichotolewa hadharani popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumiwa.

Hapo kwenye kutumiwa kuna kona kidogo, usiipite mbio. Ukifanya kitu ndani kwa siri, mlango umefungwa, hakuna aliyekiona, jamaa anaweza kusema hakikuwa hadharani kwa hivyo hakiharibu upya wake. Sawa, lakini sheria hiyohiyo ina kinga ya pili, mtu ambaye kabla ya tarehe ya ombi alikuwa tayari anatumia njia hiyo hapa Kenya kwenye biashara yake kwa nia njema, anaruhusiwa kuendelea hata hataza ikibaki hai. Haki hiyo inashikamana na biashara, haiuzwi peke yake kama kuku. Kwa hivyo nahitaji kujua karakana ilihamia vipi kwako, kwa urithi, kwa kuandikishwa upya, au ulifungua mpya baada ya mzee kufariki, maana hapo wakili wake atapachokoa. Nitumie cheti cha usajili wa biashara cha zamani na cha sasa.

Upande wa kujua kama hataza ipo kweli, si kazi ngumu. Hapa kwetu hataza inatoka kwa KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, au inatoka ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare kwa Itifaki ya Harare ya 1982 na Kenya iwe imetajwa kwenye ombi. Hataza ya Marekani au ya China haifungi karakana ya Mombasa, na ya Kenya pekee haimgusi fundi wa Tanga, hata awe anapaka gundi ileile kwa brashi ileile. Unaweza kutafuta bure kwenye tovuti za kutafutia hataza, Espacenet na Patentscope, andika jina lake na la kampuni yake, halafu peleka ombi la upekuzi KIPI kwa maandishi. Ukipata namba angalia mambo matatu kwa haraka: ni hataza kamili au ni ombi tu, maana kuomba si kupewa, ada ya kila mwaka imelipwa au imelala, na tarehe ya kwanza ya ombi ni ipi, hiyo tarehe ndo kisu chetu, kila karatasi ya mzee iliyo kabla yake ni nyama.

Kuna uwezekano mwingine, kwamba alichonacho si hataza kamili bali ni ile hataza ndogo ya ubunifu wa matumizi. Kenya hiyo inadumu miaka 10 na haitaki ile hatua ya uvumbuzi niliyokueleza kwenye pedali, inatosha iwe mpya na iwe na matumizi kiwandani. Ikiwa ni hiyo basi hoja ya KSR iweke kando, tunabaki na ya upya, yaani ya wembe na ya vitabu vya risiti. Inatutosha. Na wako pia wanaokuja na cheti cha alama ya biashara au hakimiliki ya kijitabu wakakiita hataza, nimeshaona mtu akitingisha cheti cha jina la kampuni kama vile ameshika amri ya mahakama, wenzake wa karakana zote za mtaa wakanywea.

Usidhani lakini kwamba mahakama zetu hazina meno kwa mambo haya. Kesi ya debe la taka la kukanyaga kwa mguu, Sanitam dhidi ya Rentokil, ilifika mpaka Mahakama ya Rufani ya Kenya, debe tu. Kwa hivyo barua usiitupe. Ukiletewa hati za Baraza la Mali ya Viwanda, lile linalosikiliza migogoro ya hataza, au za mahakama zina siku zake za kujibu, siku hizo zikipita hata ukiwa na vitabu vya babu utahukumiwa bila kusikilizwa.

Barua ya kujibu iwe hivi, na isainiwe na wakili si wewe: tumepokea barua yako ya tarehe fulani, tafadhali tuletee namba ya hataza, nakala yake kamili, uthibitisho kwamba iko hai, na utuonyeshe ni dai lipi na sharti lipi la dai hilo unalosema karakana yetu imelikiuka, haki zetu zote tunazihifadhi. Basi. Usitaje baba, usitaje risiti, usitaje gundi gani mnatumia. Karata za mzee tutazilaza mezani tukishaona zake, kwa sababu akijua mapema tunazo atajaribu kuyabana madai yake yapite pembeni ya ushahidi wetu, na hapo atakuwa ametuachia njia lakini umepoteza nafasi ya kumaliza mambo yote kwa mara moja.

La mwisho la kifundi, maana nimeona kwenye picha uliyonitumia: hiyo slivu imepakwa gundi juu ya mafuta. Inang'aa. Futa kwa asitoni kwanza, tundu na slivu zote mbili, iache ikauke, ndo upake, na paka pete juu na pete chini si kumwaga kama uji. Mwenye barua atakusumbua mwaka mmoja, lakini slivu ikizunguka ndani ya injini ya boti katikati ya bahari mwenye boti hatakusahau. Hivyo vitabu vya risiti vipige picha kila ukurasa leo, kabla hujavigusa tena, kisha nitumie.